Kila Mmoja Alicheka Mara Moja

Mimi ni mweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu yangu, kazi ambayo hakuna anayeigombea. Kila Jumatano usiku naweka orodha kwenye kundi la WhatsApp: jina, ahadi, alichotoa, kinachobaki. Jumatano moja mwezi wa nne, nimeiweka tu, Mama Mkubwa akajibu kwa stika. Binti, macho yamejaa machozi, kiganja kwenye paji la uso, na chini yake maandishi ya njano: NAOMBA NIKAE JAMANI.

Kundi likachangamka. Mjomba anayedaiwa laki mbili akaituma. Shangazi wa Mbagala akaituma. MC, ambaye hata hadaiwi, naye akaituma.

Ilikuwa imekaa mahali pake, sitadanganya. Lakini jicho langu lilishagota kwenye blauzi. Blauzi ya kitenge, maua ya zambarau, shingo ya mviringo. Ile blauzi naijua. Huwa inaanikwa kwenye kamba yetu, kando ya mashuka yangu.

Ni ya binti wa chumba cha nyuma.

Tunapanga nyumba moja, Tabata. Yeye yuko mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa mjini. Asubuhi ya siku ileile tulikutana bombani. "Shikamoo dada." "Marahaba, mdogo wangu. Chuo kinasemaje?" "Kipo tu, dada."

Usiku ule sikuandika neno kwenye kundi. Nilizima data nikalala na simu mkononi.

## Stika inayofaa

Jina lake halimo humu na halitakuwemo. Makala ameisoma kabla sijaiweka, akafuta aya mbili, na mimi sikubishana naye.

Jambo lililonisumbua kwanza lilikuwa dogo: kwa nini ile? Simu za watu zimejaa stika. Wachungaji wamo, wabunge wamo, mapaka yamo, watoto wa watu wenye mashavu wamo. Nyingi zinakufa palepale zilipozaliwa. Hii ikavuka kutoka darasani, ikapita mabwenini, ikapanda daladala hadi kwa mama zetu wanaodaiana michango.

Nadhani jibu ni kwamba inafaa. Ukidaiwa, inafaa. Bosi akikuita ofisini saa kumi na moja jioni, inafaa. Yanga wakifungwa inafaa, na Simba wakifungwa inafaa vilevile. Stika haihitaji chuki ili isafiri, inahitaji kazi ya kufanya. Hii ilikuwa na kazi tele.

Ilikotoka nilikuja kuambiwa na mwenyewe, baadaye. Ilikuwa siku ya prezentesheni. Kundi lao liligawana slaidi, yeye akaangukiwa na hitimisho. Mhadhiri akamwuliza swali ambalo halikuwa kwenye slaidi yoyote. Aliyesoma shule za kata kama mimi anajua kilichofuata: jibu unalo kichwani, limekamilika, ila liko kwa Kiswahili, na darasa zima linakusubiri ulilete kwa Kiingereza. Akaanza sentensi, ikakatika. Akaanza nyingine. Nyuma watu wakaanza kuguna, ule mguno wa darasani ambao hauna mwenyewe. Machozi yakamjia kabla ya maneno. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Naomba nikae."

Simu ya mtu ilikuwa juu muda wote huo.

Jioni klipu ikawa kwenye kundi la kozi. Usiku kuna aliyekata picha moja, akaondoa ubao na wenzake waliosimama nyuma, akabandika maandishi ya njano. CR, kiongozi wa darasa lao, alimwambia aliyetuma klipu aifute, akaifuta. WhatsApp inampa mtu kama siku mbili na nusu hivi kufuta alichotuma kikapotea kwa wote. Lakini stika mtu akishaihifadhi kwenye simu yake ni yake. Aliyeitengeneza hana tena namna ya kuirudisha nyumbani.

Mpaka inatua kwenye kamati yetu, ilikuwa haimwonyeshi tena mtu anayepanda daladala za Ubungo na kuanika nguo uani. Ulikuwa uso tu, wa matumizi ya wote.

## Uani

Nyumba yetu wapangaji tunashirikiana bomba, choo na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Mambo ya mtu huwezi kuyakosa hata ukitaka. Kwa hiyo dalili za binti yule tuliziona wote, tena kabla sijaiona stika.

Nguo alizoloweka Jumamosi zilifika katikati ya wiki ndani ya ndoo ileile, maji yananuka. Jiko lake la gesi lilinyamaza. Alikuwa mtu wa kukaanga dagaa hadi jirani wa pili anapiga chafya, akawa anaishi kwa chapati mbili za mama wa kona, siku nyingine moja. Kichwani, nusu ya rasta alikuwa amefumua na nusu zipo. Alibaki hivyo kwa muda mrefu, amefunga kilemba, kana kwamba aliyekuwa anafumua aliondoka katikati ya kazi. Na taa yake ilikuwa haizimwi usiku kucha.

Taa ndiyo iliyoleta maneno. Uniti za LUKU zikiwa zinaisha mapema, watu wanatafuta mchawi.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama mwenye nyumba alisema mimba, maana kwake kila binti mwenye huzuni ana mimba. Baba wa chumba cha kati alisema bumu, hela ya mkopo wa wanafunzi, limechelewa. Bumu lenyewe la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, na kwa Dar hii ukitoa kodi na nauli kinachobaki unakijua mwenyewe, kwa hiyo maelezo yake yalikuwa na mashiko. Dada wa saluni alisema mapenzi. Mwingine alishuka sauti akasema majini, kuna shehe mzuri Buguruni.

Chuoni nako, alikuja kuniambia, mhadhiri mmoja alimwita mvivu mbele ya wenzake kwa kukosa semina mbili.

Hakuna aliyetaja sonona, na sonona ni ugonjwa wenye vigezo vyake. Madaktari wanaangalia kama kwa wiki mbili au zaidi mtu amekuwa na huzuni au amepoteza hamu ya vitu alivyovipenda, karibu kila siku, pamoja na mengine: usingizi kuharibika, kula kuharibika, mwili kuishiwa nguvu, akili kutotulia, kujiona hana thamani, kufikiria kifo. Ukiipitia orodha hiyo ukiwa na ndoo ya nguo inayonuka mbele yako, unaona vingi. Ila uani hakuna anayepitia orodha. Tunayo mimba, bumu, mapenzi na majini, na vyote vinne ni mambo ambayo mtu anatakiwa ayamalize mwenyewe.

Mimi nilikuwa na kitu ambacho wenzangu hawana, yaani stika. Na ndicho kilichonifunga mdomo. Kama hajui kwamba imefika mpaka kwenye kamati za harusi, nikimwambia nitakuwa nimemwongezea. Kama anajua, nitakuwa nimemkumbusha. Na kuna adabu ya kupanga: ukikaa uswahilini unajifunza kusikia bila kusikia. Hiyo adabu inatunza amani ya nyumba. Sasa nikawa naishangaa.

## Nani amekosa?

Katika kusitasita huko nikafanya wanachofanya watu wenye bando na wasiwasi. Nikasoma.

Sheria ipo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni kali. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi.

Mara ya pili nikaona maneno mawili: *kwa nia*.

Mchukue Mama Mkubwa. Ana miaka sitini na kitu, anasali jumuiya kila Jumamosi, akisikia mtoto wa jirani anaumwa anapika uji. Alituma stika. Kwa nia gani? Ya kuchelewesha elfu hamsini. Huyo binti hakumtumia, hamjui, na kama angemjua angempikia uji. Mchukue MC. Mchukue yule mwanafunzi wa kozi nyingine aliyeiona mara moja kwenye stetasi ya rafiki yake akacheka akiwa kwenye foleni ya chakula. Unaweza kuzunguka mji mzima ukawakusanya hao wote, usimpate hata mmoja mwenye nia.

Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni huko Skandinavia miaka ya 1970, aliacha kipimo kinachotumika mpaka leo. Uonevu una nia ya kuumiza, unarudiwa, na kuna tofauti ya nguvu kati ya anayeonea na anayeonewa. Ni kipimo cha uwanja wa shule. Mtoto yuleyule anamngoja mwenzake getini, leo, kesho na keshokutwa, na mwalimu akitaka kukomesha anajua amwite nani.

Hapa kurudiwa kupo. Anayerudia ndiye hayupo. Kundi moja la WhatsApp siku hizi linabeba hadi watu 1,024, na kila mmoja alicheka mara moja. Ukimkamata yeyote atakwambia ukweli mtupu: mimi niliituma mara moja tu, basi. Hakuna anayeona jumla isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja analala na taa inawaka.

Hili ndilo lililoning'ang'ania wiki zile zote. Nilizoea kufikiri ukatili unahitaji mkatili.

## Hela ya LUKU

Mwisho nilikwenda kumgongea kwa kisingizio cha hela ya LUKU. Nashukuru kuna LUKU.

Alifungua, akakaa kitandani, akanipa kiti chenye vitabu. Nikaanza habari ya uniti, akanisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Dada, na wewe umeiona, eti?"

Alijua siku nyingi. Alijua kwa jinsi ninavyomsalimia. Nilikuwa nimeanza kumsalimia kwa upole mno.

Nilimwambia imeingia kwenye kundi la harusi. Hakushtuka. Akaniambia ya kwao. Kwao ni Kasulu, na wana kundi la ukoo. Mwezi uliopita kulikuwa na msiba, michango ikaitishwa, na mjomba wake, huyohuyo anayemlipia kodi ya hiki chumba, akajibu kwa stika ile. Mjomba hakumtambua. Stika ni ndogo kuliko kidole gumba, na yeye mara ya mwisho kumwona alikuwa na nywele fupi za shule. Shangazi zake wakacheka. Binamu zake wakacheka.

"Na wewe ulifanyaje?"

"Niliweka kicheko."

Nikanyamaza.

"Ningefanyaje, dada? Wote walikuwa wanacheka. Nisingecheka, mtu angejiuliza."

Alijicheka mbele ya ukoo wake ili wasimjue.

Nilimwuliza kwa nini asijitoe kwenye kundi la kozi, angalau hilo. Akaniangalia kama mtu wa zamani. Kila kitu kiko humo. Ukumbi umebadilishwa, CR anaandika humo. Tesiti imesogezwa mbele, humo. Desa, yaani notsi za kusomea, linawekwa humo. Kozi weki ni alama 40 kati ya 100, na mwanafunzi asiyekuwa kwenye kundi anasikia habari za tesiti ikiwa imeshafanyika. Alijaribu kujitoa. Akakosa kwizi, akaomba kurudishwa, na alipoongezwa tu, mtu akamkaribisha kwa stika.

Kwa hiyo kila asubuhi anaifungua simu kutafuta ukumbi, na anapekua vicheko mpaka aupate.

Kulikuwa na swali nililokuwa naliogopa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kila mwaka kwa kujiua, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 ni ya tatu kati ya sababu kubwa za vifo. Swali lenyewe hapa kwetu lina mzigo wa ziada. Kanuni ya Adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na mtu anayewaza hivyo anaweza kuogopa polisi kabla ya kumfikiria daktari. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba. Sisi bado tunacho. Nilikuwa nimesoma pia kwamba kumwuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo. Mara nyingi kunampunguzia upweke wa kulibeba.

Nikamwuliza. Sikuzunguka.

"Kujiua, hapana," akasema. "Ila nikilala natamani kusikuche."

Tukakaa. Nje mtu alikuwa anavuta maji, na mama mwenye nyumba anamgombeza kwa kumwaga. Nikamwambia kesho siendi kazini, tunakwenda hospitali. Akasema, "Mirembe?" Nusu ilikuwa utani, nusu haikuwa. Jina la ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma tumelifanya tusi miaka mingi, na leo mtu anayehitaji msaada linamjia kichwani kabla ya msaada wenyewe.

## Maswali tisa

Hospitali za rufaa za mkoa hapa Dar, Amana, Temeke na Mwananyamala, zina huduma za afya ya akili, achilia mbali Muhimbili. Tulikwenda mojawapo kwa kadi yake ya bima, ile ambayo wanafunzi wanailipia shilingi 50,400 kwa mwaka na wengi hawajui inafika huko.

Kwenye benchi tulikaa na bodaboda ambaye kofia yake ngumu ilikuwa magotini, mama mwenye kanga na mtoto mgongoni, na mzee wa suti aliyekuwa anasoma gazeti. Binti alikuwa anawachunguza mmoja mmoja, anatafuta vichaa. Hakuwapata. Akanong'ona, "Kumbe ni watu tu."

Daktari, dada wa makamo, alimpa karatasi yenye maswali tisa. Ni maswali yanayotumika sehemu nyingi za dunia, nayo kwa Kiswahili yapo: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na hili, na hili, na hili. Anajibu kwa kuweka alama. Nilitoka nje asijisikie napekua. Aliporudi aliniambia kitu kimoja tu kuhusu ile karatasi: kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu Machi mtu kumwuliza anajisikiaje bila kuwa tayari na jibu.

Alipewa vidonge na siku za kurudi kuzungumza na mshauri. Alionywa kwamba vidonge havifanyi kazi kwa usiku mmoja, vinachukua wiki kadhaa kuanza kuonekana, na asiviache akijisikia nafuu. Nafuu yenyewe imekuja kwa namna ambayo hakuna wa kuisimulia. Siku moja nilisikia dagaa.

Hapo naona niseme kitu ambacho rafiki yangu mmoja, mwalimu, alinipinga nacho. Alisema sonona yake si ya stika. Huyo angeugua tu, stika imempa sababu. Inawezekana ana hoja. Daktari mwenyewe alimwuliza habari za nyumbani, za ada, za babu aliyefariki mwaka jana, na hakusema kisababishi ni kipi. Binti alikuwa na mizigo yake kabla ya ile siku. Lakini mtu mwenye mizigo ndiye anayehitaji mahali pa kuitua, na yeye kila alipotua, darasani, kwenye ukoo, hadi kwa mpangaji mwenzake anayeshika daftari la harusi, alikuta uso wake umetangulia kufika.

## Utani

Kwenda polisi binti hakutaka. Nilimwambia kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na kwamba kifungu cha 23 kwa aliyetengeneza huenda kikashika. Akakataa. Alitaka jambo moja: aliyeitengeneza aseme mbele ya kundi kwamba ni yeye.

CR alimleta kijana tukaonana Simu 2000, kwenye vibanda vya chipsi. Nilikwenda na hotuba yangu. Kijana mwembamba, begi mgongoni, "Shikamoo dada" mara mbili. Hotuba ikapwaya.

"Dada, mimi sikumtukana," akasema. "Nilikata picha tu. Ni utani. Hata mimi wananifanyia." Akafungua simu akanionyesha stika yake mwenyewe, amelala kwenye kipindi, mdomo wazi, mate yanamtoka. "Mbona mimi nipo tu?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nilimheshimu kwa kuuliza. Nimelipata kwenye basi la kurudi. Utani tunaoujua una kanuni. Mzaramo na Mnyamwezi wanatukanana hadharani, hata msibani, lakini aliyetukanwa yupo, anajibu palepale, na mtani huyohuyo ndiye utakayemwona na jembe makaburini. Stika ya kijana imebaki kwa rafiki zake. Anawajua kwa majina na anawarudishia. Ya binti imekwenda kwa watu ambao hawezi kuwajibu kwa sababu hawajui kwamba yupo.

Kijana aliandika, namsifu kwa hilo. Aliandika kwenye kundi kwamba stika ile ni kazi yake, kwamba anaomba radhi, kwamba kila aliyenayo aiondoe.

Mtu wa kwanza kumjibu, alimjibu kwa stika ileile.

Ikafuata kimya cha muda, kisha mmoja akaandika "tuache jamani", kisha mwingine. Huko kwetu nilimfuata Mama Mkubwa pembeni nikamweleza. Alichukua muda kuelewa. "Sasa mwanangu, mimi nimemkosea nini? Hata simjui." Nikamwambia hajakosea, ila ni mtoto wa mtu na anakaa nyumba yangu. Akaiondoa, na akaniuliza kama anakula. Wiki iliyofuata mjomba wa laki mbili akaituma tena, na safari hii Mama Mkubwa ndiye aliyemkoromea. Laki mbili bado hajatoa.

Kilichosaidia zaidi hakikuwa na machozi ndani yake. CR alifungua kundi la pili la matangazo tu, ambalo maadmini peke yao ndio wanaoweza kuandika: ukumbi, tesiti, desa, basi. Kitufe hicho kipo miaka mingi. Kwa nini hakikuwa kimebonyezwa tangu mwaka wa kwanza, kwa kozi zote, na kwa agizo la chuo, ningependa mtu anijibu. Binti akaingia huko, akajitoa kule.

Julai amefanya UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Ana sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, za Septemba, na anazisomea chumbani kwake mchana, mlango wazi.

Mjomba wa Kasulu hajui. Nilitaka kumpigia, maana yeye ndiye mlipa kodi na miezi sita inaishia Septemba hiyohiyo, na nilidhani ana haki ya kujua. Binti amekataa. Anasema atamwambia mwenyewe akienda likizo, au hatamwambia kabisa. Kwamba mjomba anampenda, na akijua alichokituma siku ile hataweza kumwangalia usoni. Nimekubali. Sijaridhika, lakini nimekubali.